Je, Ni Halali Kumwumiza Mnyama ili Mtu Apone?

Kila mtu wa kijijini awajua wanyama. Mbuzi hufungwa nyuma ya nyumba, kuku hulala jikoni, mbwa hufuatana na mwindaji porini. Siku ya arusi mbuzi huchinjwa. Mgeni akifika, kuku hukamatwa. Wala hakuna anayeuliza kama jambo hilo ni halali. Lakini liko jambo jingine ambalo mkatekumeni akilisikia hunyamaza kidogo, halafu huuliza. Katika nyumba za elimu za nchi za mbali, wataalamu humtwaa panya mzima, asiye na ugonjwa wo wote, wakamtia saratani ya kinywa kwa makusudi, ili wajaribu dawa mpya juu yake. Dawa ikifaa, siku moja watu watapona. Isipofaa, panya amekufa na hakuna aliyepona.

Je, kazi hiyo ni halali mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri? Au ni ukatili uliovaa kanzu nyeupe ya daktari?

Asidhani mtu kwamba swali hili ni la wasomi wa Ulaya peke yao. Mama wa Kamina ampelekaye mtoto wake hospitalini akapewa dawa, amepewa kitu ambacho kwanza kilipimwa katika mwili wa mnyama. Maana karibu dawa zote mpya za siku hizi hupita njia hiyo. Mtu afaidikaye na jambo, yampasa alijue jambo lenyewe. Basi yafaa kulitazama kwa utaratibu: kwanza ugonjwa, pili kazi ifanywayo, tatu maneno ya wanaokataa na ya wanaokubali, na mwisho njia ya haki.

I. Ugonjwa wenyewe

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho, kama vile nyumba ijengwavyo kwa matofali. Lakini chembe hizi zi hai. Kila moja huzaliwa, hufanya kazi yake, hugawanyika kuwa mbili inapotakiwa, na wakati wake ukiisha hufa, ili nyingine ishike mahali pake. Chembe ya saratani ni chembe iliyoasi. Hugawanyika bila kuitwa, haikubali kufa, hula chakula cha jirani zake, na mwisho huhama ikaenda kukaa penginepo mwilini. Huo ndio ugonjwa ambao wengi huuita kansa.

Ugonjwa huu ukiingia kinywani, huanza kama jambo dogo. Ni kidonda ulimini, au juu ya ufizi, au ndani ya shavu; pengine ni doa jeupe au jekundu. Mara nyingi mwanzoni hakiumi sana. Mgonjwa husukutua maji ya chumvi, hungoja, husahau. Kidonda kinapoanza kunuka na kuzuia kumeza, pengine ugonjwa umekwisha kushuka mpaka tezi za shingoni. Sababu zake kubwa zajulikana: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, na pombe, hasa pombe kali kama lutuku. Mtu atumiaye tumbaku na pombe pamoja hujitia katika hatari kubwa kuliko hatari hizo mbili zikihesabiwa mbalimbali. Kwa mwaka 2022 peke yake ilikadiriwa kwamba watu karibu 390,000 duniani walipatwa na saratani ya midomo na kinywa, na karibu 188,000 walikufa kwayo.

Basi jambo linalotafutwa katika mwili wa panya si mchezo. Ni uhai wa watu wengi, nao hufa kifo kigumu, kifo cha mtu asiyeweza kula wala kusema.

II. Kazi ya mionzi na kazi ya jeni

Silaha moja ya kupigana na saratani ni mionzi, yaani nguvu isiyoonekana ipenyayo nyama ya mwili na kuziharibu chembe ndani yake. Mwaka 1898, huko Paris, Marie Curie na mumewe Pierre walivumbua madini yaitwayo radiumu, yatoayo nguvu hiyo yenyewe, usiku na mchana, bila moto. Muda si mrefu matabibu walianza kutia radiumu ndani ya sindano ndogo na kuzichoma katika ulimi wenye saratani, ili chembe zilizoasi ziungue.

Watu wa Katanga wana sehemu kubwa katika habari hii, ingawa wengi hawakuambiwa. Mwaka 1915 yaligunduliwa mawe ya uranio yenye radiumu pale Shinkolobwe, karibu na Likasi. Tangu mwaka 1922 mawe hayo yalisafishwa katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiumu ya hospitali za dunia ilitoka katika ardhi hii. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, uranio wa Shinkolobwe ulipelekwa Marekani. Shehena nyingi zilikwenda kwa gari la moshi mpaka Ilebo, kwa njia ya reli ipitayo Kamina, halafu kwa merikebu za mtoni mpaka Kinshasa, na kutoka huko mpaka bandari ya Matadi. Uranio huo ndio uliotiwa kwa sehemu kubwa katika bomu lililouangamiza mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Jiwe la mgodi mmoja liliponya, na jiwe la mgodi ule ule liliua. Jambo hili likumbukwe, maana litarudi mbele.

Siku hizi radiumu imeachwa, na mahali pake pameshikwa na mashine za kobalti na mashine nyingine za umeme. Lakini mionzi ina udhaifu wake. Huumiza chembe mbovu, huumiza na chembe njema zilizo karibu. Tena ziko chembe za saratani ambazo hupigwa na mionzi, zikajiponya, zikaendelea kuasi.

Hapo ndipo wataalamu walipofikiri juu ya jeni. Jeni ni amri iliyoandikwa ndani ya chembe, ambayo mtoto huirithi kwa baba na mama. Jeni moja mashuhuri, waiitayo p53, ni kama mlinzi wa lango. Chembe ikijeruhiwa, mlinzi huyu huizuia isigawanyike mpaka itengenezwe. Na kama haitengenezeki, huiamuru ife. Katika saratani nyingi za kinywa mlinzi huyu ameharibika. Ndiyo sababu chembe mbovu hupigwa na mionzi wala haifi: hakuna wa kuiamuru.

Basi wataalamu walimtwaa mdudu mdogo kabisa wa mafua, aitwaye virusi, wakamwondolea nguvu ya kuzaana, wakampakia jeni njema kama vile mtu apakiavyo mzigo juu ya baiskeli, wakamchoma kwa sindano ndani ya uvimbe. Halafu uvimbe ukapigwa mionzi. Mlinzi amerudi langoni, na adui amejeruhiwa: chembe zilizokuwa zikikataa kufa zikaanza kufa. Katika majaribio mengi ya panya waliopandikizwa saratani ya kichwa na shingo ya wanadamu, uvimbe uliopata jeni na mionzi pamoja ulipungua kuliko uliopata kimoja peke yake. Mwaka 2003 serikali ya China iliruhusu dawa ya namna hiyo, iitwayo Gendicine, itumiwe kwa wagonjwa. Nchi nyingi hazijaipokea, kwa kuwa matabibu wake wadai ushahidi zaidi.

Na panya je? Panya hao huzalishwa makusudi bila nguvu ya kuzuia magonjwa, ili saratani ya mtu ikubali kuota ndani yao. Wengine ni hamsta, wanyama wadogo wafananao na panya, wenye mifuko mashavuni. Tangu mwaka 1954 ilijulikana kwamba mfuko huo ukipakwa sumu fulani mara kwa mara hufanya saratani kama ile ya kinywa cha mtu. Jaribio likiisha, mnyama huuawa, na mwili wake hupasuliwa utazamwe.

III. Wanaokataa na wanaokubali bila mpaka

Wako wanaosema: “Kazi hii ni dhambi. Panya hakuvuta tumbaku wala hakunywa lutuku. Kwa nini alipe deni la mtu? Naye aona maumivu kama mtu aonavyo. Tena hakuulizwa, wala hawezi kukubali.”

Wako wengine wanaocheka maneno hayo. Tuseme mzee mmoja mwindaji azungumza na mtoto wa ndugu yake, kijana anayejifunza dini. Kijana amemwambia habari za panya wale. Mzee ajibu: “Mwanangu, watoto wa kijiji hiki huchimba panya wa shambani kila kiangazi, wakawachoma motoni na kula. Panya akiingia ghalani mwa mama yako, humwekea mtego. Leo wamlilia panya wa Wazungu?” Kijana asema: “Baba mkubwa, wale wa shambani huliwa. Wale wa ghalani huzuiwa wasiharibu mahindi. Lakini huyu atiwa ugonjwa makusudi, akae nao siku nyingi.” Mzee atikisa kichwa: “Mnyama ni mnyama. Mungu alimpa mtu awatawale. Basi atawale.”

Wote wawili wameshika kweli, na kila mmoja ameshika nusu.

Kijana asema kweli kwamba maumivu ya mnyama si mchezo. Mtu aliyesikia mlio wa mbwa aliyenaswa mtegoni ajua kwamba ule si mlio wa mlango mkavu. Wanaofundisha kwamba mnyama ni kama mashine wapingana na masikio yao wenyewe. Na mzee asema kweli kwamba mnyama si mtu. Mnyama hana akili ya kupambanua mema na mabaya, hana nia huru, hatoi ahadi, hawezi kutubu. Kwa sababu hiyo ni haramu kabisa kumtwaa mtu asiye na hatia, hata akiwa mmoja, mtumwa, mfungwa au kichaa, na kumtia ugonjwa ili watu elfu wapone. Mwisho mwema hautakasi njia mbaya. Jambo hili liliandikwa kwa damu. Katika vita ile ile ya 1939 hata 1945, matabibu wa Ujerumani waliwatumia wafungwa kama panya. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliwahukumu, ikaweka masharti: mtu asijaribiwe pasipo ridhaa yake huru, na majaribio juu ya mtu yatanguliwe na elimu iliyopatikana kwa wanyama. Anayetaka kuondoa wanyama wote leo hii ajibu kwanza: dawa isiyojulikana ijaribiwe katika mwili wa nani? Wazee wa Afrika wajua jibu. Mara nyingi ingejaribiwa katika mwili wa maskini.

Basi kumwumiza mnyama si jambo baya kwa asili yake, kama vile kumwua mtu asiye na hatia kulivyo baya kwa asili yake. Ni jambo la kupimwa katika mizani. Lakini mzee alikosa aliposema, “Basi atawale,” akaishia hapo. Maana kutawala si kufanya lo lote. Chifu hutawala kijiji, lakini akiwapiga watu wake kwa kujifurahisha, huyo si chifu tena, ni mnyang'anyi. Mwumba alimweka mtu juu ya wanyama kama wakili juu ya mali ya bwana wake, na wakili hutoa hesabu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha hivyo hivyo: majaribio ya utabibu juu ya wanyama yaruhusiwa, yakikaa ndani ya mipaka ya busara na kusaidia kuponya au kuokoa uhai wa watu, lakini kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe.

Neno “mipaka” ndilo lenye kazi. Mipaka yenyewe ni minne: haja, huruma, ukweli na haki.

IV. Mipaka minne

Haja. Mtoto amchomaye panya kwa moto ili acheke mkia wake ukiungua, na mama amwekeaye mtego ghalani, wote wawili wameua panya. Lakini wa kwanza amejifundisha ukatili, wa pili amelinda chakula cha watoto. Vivyo hivyo mtaalamu aulizwe: Je, elimu hii haipatikani kwa njia nyingine? Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa saratani pande zote mbili za taya. Akaandika habari za ugonjwa huo mwaka 1958. Ili ajue watokea wapi, hakutia panya ugonjwa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda motokaa kuukuu wakasafiri kilometa zipatazo 16,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewaona watoto wa namna ile. Wakagundua kwamba ugonjwa hufuata nchi zenye joto na mvua, zile zenye malaria. Miguu na maswali vilitosha kwa elimu hiyo. Ambapo maswali yatosha, panya aachwe.

Huruma. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu ambazo nyumba nyingi za elimu huzifuata hata leo: panapo njia nyingine, mnyama asitumiwe, akitumiwa, wawe wachache iwezekanavyo, na hao wachache wapunguziwe maumivu kwa dawa na kwa uangalifu. Mwindaji mwema huzijua kanuni hizi bila kuzisoma. Hamwachi mnyama aliyejeruhiwa kichakani afe siku tatu, bali humfuata nyayo kwa nyayo mpaka ammalize. Mwenye kuua kwa haja na mwenye kuua kwa ukatili hutambulikana kwa njia hiyo.

Ukweli. Ukikubali mnyama ateseke ili akufundishe, huna ruhusa ya kukataa fundisho lake. Katika Kitabu cha Hesabu twasoma habari za punda wa Balaamu. Punda alimwona malaika mwenye upanga njiani, akakwepa. Bwana wake asiyeona kitu akampiga mara tatu. Kumbe punda alikuwa akimwokoa. Mwaka 1999, huko Philadelphia, Marekani, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa ini wa kurithi alikubali kujaribiwa dawa ya jeni iliyobebwa na virusi vya jamii ile ile ya mafua. Akafa siku chache baadaye. Ikajulikana kwamba kabla yake kima kadhaa waliopewa dawa ya namna hiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi, walikuwa wamekufa. Na wakaguzi wa serikali walikuta kwamba habari hiyo haikuandikwa katika karatasi ya makubaliano. Kima walikuwa wamesema, kwa namna pekee waliyoweza kusema, lakini kijana hakuambiwa. Hapo mnyama alikufa bure, na mtu akafa juu yake.

Tena ukweli wadai kukiri kwamba mnyama naye aweza kuwa mgonjwa wa kuponywa, au mwalimu asiyechinjwa. Mbwa hupata saratani nyeusi ya kinywa kwa asili yao, bila kutiwa na mtu. Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliidhinisha kwa ukamilifu chanjo ya jeni kwa mbwa hao, ambayo huchomwa baada ya uvimbe kukatwa kwa kisu au kupigwa mionzi. Waganga wa wanyama bado wabishana juu ya kiasi cha faida yake, lakini hapo mnyama alitibiwa kwa ajili yake mwenyewe. Na mwaka 2015 wataalamu waliochunguza damu ya tembo waligundua ajabu: mtu ana nakala mbili za yule mlinzi p53, moja ya baba na moja ya mama, na tembo anazo zipatazo arobaini, nayo yaweza kuwa sababu ya tembo kupatwa na saratani mara chache, ingawa mwili wake ni mkubwa mno. Fundisho hilo lilipatikana kwa damu kidogo, bila kuua. Mwenye kuwaza awafikiri tembo wachache waliosalia katika mbuga ya Upemba, iliyotengwa mwaka 1939 katika nchi hii, na wale waliouawa humo kwa ajili ya meno tu. Nani ajuaye ni elimu gani iliyooza pamoja na mizoga yao?

V. Mpaka wa nne: haki

Mpaka wa nne ndio usahaulikao, nao ndio uwahusuo zaidi watu wa Kamina.

Panya hakuuawa kwa jina la tajiri. Aliuawa kwa jina la “mwanadamu”. Mtaalamu akiulizwa kwa nini amtesa mnyama, hujibu: “Ili wanadamu wapone.” Jibu hilo ni jema. Lakini jibu ni ahadi, na ahadi hudai kutimizwa. Tuseme mama auzaye samaki wakavu wa ziwa Upemba sokoni Kamina ana kidonda ulimini. Je, yeye ni mwanadamu au si mwanadamu? Kama ni mwanadamu, basi panya alikufa kwa ajili yake pia. Na kama dawa hiyo, au hata mashine ya mionzi tu, haimfikii kamwe kwa kuwa hana fedha za safari, basi kwake yeye panya alikufa bure, na ule uhalali uliotajwa mwanzoni umepungua.

Hapo ndipo lile jiwe la Shinkolobwe lirudipo. Ardhi ya Katanga ilitoa radiumu iliyoponya ndimi za watu wa Ulaya na Amerika. Lakini kwa mama yule njia ya kufikia mionzi ni ndefu. Lusaka, katika nchi ya Zambia, hospitali ya saratani yenye mashine hizo ilifunguliwa mwaka 2007. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya kobalti pale Mulago tangu mwaka 1995. Ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa wa nchi nzima walibaki bila mionzi mpaka mashine mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Mashine moja ikifa, maelfu wakosa tumaini. Kwa hiyo jiwe halina wema wala ubaya ndani yake, na elimu ni vivyo hivyo. Yule alishikaye ndiye apimwaye: alitumia kwa nini, na kwa ajili ya nani.

Pengine msomaji wa kijijini atasema: “Maneno haya ni ya wakubwa. Sisi twaweza nini?” Atazame mbuzi wapelekwao sokoni. Hufungwa miguu, huning'inizwa kichwa chini juu ya baiskeli, husafirishwa kutwa katika jua bila maji. Kuku hubebwa ishirini kwa fungu, miguu imekazwa kwa kamba mpaka imevimba. Mnyama atakayechinjwa jioni hakuhukumiwa kuteswa tangu asubuhi. Mtu amlaumuye mtaalamu wa mbali kwa ajili ya panya, na kumbe ambeba mbuzi wake namna hiyo, ameona kibanzi katika jicho la jirani. Kumnywesha mbuzi maji, kumbeba akiwa wima kapuni, kunoa kisu vizuri kabla ya kuchinja: hayo hayahitaji shule kubwa wala fedha.

Na jambo la pili liko kinywani mwa kila mtu. Elimu iliyopatikana kwa gharama ya uhai wa viumbe wengi imekwisha kufundisha kwamba tumbaku na pombe kali huzaa saratani, na kwamba kidonda kikikamatwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Anayejua haya akaendelea kuvuta, au akaficha kidonda miezi sita kwa aibu au kwa uvivu, ameitupa zawadi iliyonunuliwa kwa bei kubwa. Kidonda cha kinywa kisichopona kwa majuma matatu hakina budi kuonyeshwa zahanati.

Na jambo la tatu: wenye mamlaka waulizwe, kwa heshima na bila kuchoka, mashine na dawa ziko wapi. Kuuliza hivyo si uasi. Ni kudai ahadi iliyotolewa kwa jina la wanadamu wote.

Maswali ya kukumbuka

Saratani ni nini?
Ni chembe za mwili zilizoasi, zinazogawanyika bila amri na kukataa kufa.

Je, mnyama ana haki sawa na mtu?
Hapana. Mnyama hana akili wala nia huru kama mtu. Lakini maumivu yake ni ya kweli, na mtu atatoa hesabu juu yake.

Je, ni halali kumtia mtu asiye na hatia ugonjwa ili wengi wapone?
La, hasha. Mwisho mwema hautakasi njia mbaya.

Je, ni halali kumjaribia mnyama dawa?
Ni halali, ikiwa iko haja ya kweli, na huruma katika kutenda, na ukweli katika kupokea fundisho lake, na haki katika kugawa matunda.

Ni nani awezaye kulivunja sharti la haki?
Ye yote azuiaye matunda yasimfikie maskini. Na ye yote aliyefikiwa na fundisho, akalidharau.

Mkatekumeni aanze wapi?
Aanze kwa mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba yake.